Dini ya Papa: Kura na Sala Nyumbani Kwetu Buganda

Hapa Uganda kuna mzaha wa zamani kuhusu vyama vya siasa, na sehemu yake moja ilitungwa kwa Kiswahili. Chama cha Democratic Party, ambacho wengi hukiita DP, wapinzani wake walikipa jina la "Dini ya Papa". Chama cha Uganda People's Congress, yaani UPC, nacho kikaitwa chama cha Waprotestanti wa Canterbury. Niliusikia mzaha huo kwa mara ya kwanza nikiwa shule ya msingi, kutoka kwa mjomba wangu, wakati wa chakula cha Krismasi. Watu wote walicheka isipokuwa Jjajja, yaani bibi yangu mzaa mama. Yeye alichukua sahani zake akaenda jikoni.

Katika makala hii nitajaribu kueleza kwa nini hakucheka. Nitaanza na historia inayojulikana vitabuni, kisha nitasimulia ile niliyoisikia nyumbani mwezi Januari 2021. Ninaloamini ni kwamba dini iliingia katika uchaguzi wetu kupitia mlango wa ardhi na vyeo. Ilipokwisha kuingia, watu wakaitumia kufunika mambo waliyofanyiana kama majirani.

Dini za kigeni zilifika katika ikulu ya Kabaka kwa zamu. Uislamu ulitangulia pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani, na mwaka 1844 ndio hutajwa mara nyingi. Wamisionari wa Kiprotestanti wa CMS walifika 1877, na Mapadri Weupe wa Kikatoliki 1879. Vijana wa ikulu waliojifunza kwao waliitwa "basomi", na mafundisho ya mwanzo yalitegemea sana Kiswahili. Sisi wanafunzi wa lugha hii tuangalie jambo moja: katika Luganda, neno la kusoma lilibeba pia maana ya kusali. Jjajja akisema Jumapili asubuhi kwamba anaenda kusoma, hakuna anayemtafutia miwani. Tunajua anaenda kanisani.

Basomi hao waliteswa pamoja. Yusufu Lugalama, kijana Mprotestanti, aliuawa Januari 1885. Yozefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, aliuawa Novemba mwaka huohuo. Majina yao ni jina moja la Biblia lililopita katika midomo miwili, na mpaka leo Muganda mzee akisikia Yusufu au Yozefu anajua mwenye jina anasali wapi. Tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waprotestanti walichomwa moto pale Namugongo, katika moto mmoja.

Baada ya miaka isiyofika sita, tarehe 24 Januari 1892, waliobaki wa pande hizo mbili walipigana wenyewe kwa wenyewe katika kilima cha Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza aliwapa Waprotestanti bunduki, akawasaidia kwa bunduki yake ya Maxim. Wakatoliki walishindwa, na wengi wakakimbilia Buddu, upande wa Masaka. Tangu wakati huo, na hasa baada ya Mkataba wa 1900, vyeo vya machifu na maeneo vilihesabiwa kwa dini: huyu wa Wakatoliki, huyu wa Waprotestanti, na sehemu ndogo kwa Waislamu. Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, akawa Mprotestanti, na hali ikaendelea hivyo. Hata vilima vya Kampala viligawanyika. Namirembe ni wa Waanglikana, Rubaga na Nsambya ni vya Wakatoliki, na Kibuli ni wa Waislamu. Kila upande una shule zake na hospitali yake. Mtoto wa mjini aliweza kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuzikwa bila kutoka nje ya dini yake.

Kwa hiyo vyama vilipoanzishwa, havikuukuta uwanja mtupu. DP ilianzishwa mwaka 1954. Mmoja wa viongozi wake wa mwanzo, Matayo Mugwanya, aligombea ukatikkiro mwaka 1955 akashindwa na Michael Kintu, na Wakatoliki wengi waliona kwamba kosa lake lilikuwa dini yake. Mwaka 1958 uongozi ulimwendea mwanasheria Benedicto Kiwanuka. UPC ya Milton Obote ilizaliwa 1960.

Lakini mambo hayakuwa mepesi kama mzaha wa mjomba. Uchaguzi wa Machi 1961 uligomewa na serikali ya Kabaka kule Mengo. Waganda wachache waliojiandikisha walionekana wasaliti, na hao wachache wakaipa DP karibu viti vyote vya Buganda. Kiwanuka akaongoza serikali. Wengi Mengo hawakuvumilia kuona raia wa kawaida, tena Mkatoliki, akikaa kana kwamba yuko juu ya Kabaka. Likaundwa vuguvugu la Kabaka Yekka, maana yake "Kabaka peke yake", nalo mwanzoni mwa 1962 likachukua viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, baraza la Buganda. Buganda ilikuwa na Wakatoliki wengi sana. Viti 65 havipatikani kwa kura za Waprotestanti tu. Kumbe Wakatoliki wengi walimchagua Kabaka dhidi ya Mkatoliki mwenzao.

Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka wa Rubaga, ambaye hatupaswi kumchanganya na Benedicto, aliandika barua ya kichungaji Novemba 1961 akionya kwamba mfalme akijiingiza katika vyama, ufalme wenyewe utakuwa hatarini. Mengo ilimkasirikia. Kabaka Yekka wakashirikiana na UPC, Obote akawa waziri mkuu, na uhuru ukaja tarehe 9 Oktoba 1962. Miaka minne haikupita. Mei 1966 majeshi ya Obote yaliishambulia ikulu ya Kabaka, Kabaka akakimbilia Uingereza, na mwaka 1967 falme zikafutwa. Mprotestanti alimpindua Mprotestanti. Zama za Idi Amin nazo hazikubagua madhehebu: Benedicto Kiwanuka, wakati huo Jaji Mkuu, alikamatwa katika Mahakama Kuu Septemba 1972 na hakuonekana tena, na Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana aliuawa Februari 1977.

Sasa nirudi nyumbani.

Januari 2021 ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kura. Tulikuwa kijijini upande wa Mawokota, kwa Jjajja. Jioni ya tarehe 13 intaneti ilizimwa nchi nzima. Tarehe 14, Alhamisi, nilipanga mstari kwenye uwanja wa shule nikiwa na barakoa, nikapiga kura, nikarudi nyumbani nikamkuta mama akimenya matoke. Simu yangu ilikuwa kama kipande cha kioo. Redio ya betri ndiyo iliyokuwa na habari, na habari zenyewe zilikuja polepole. Kwa sababu sikuwa na la kufanya, nikachukua kisu nikaanza kumenya pamoja nao, nikamuuliza Jjajja: "Wewe ulipiga kura lini kwa mara ya kwanza?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Baba yangu alijiandikisha, na bado tunalipa."

Hadithi hiyo niliijua, au nilidhani naijua. Katika ukoo wa mama yangu kila mtoto anaambiwa kwamba mwishoni mwa 1960 baba yake Jjajja, aliyekuwa katekista na mkulima wa kahawa, alijiandikisha kupiga kura. Asubuhi moja wakaamka wakakuta migomba yote imelala chini, na mibuni imekatwa kwenye shina. Jjajja alikuwa na miaka tisa au kumi. Walikula mihogo ya watu kwa miezi. Na hadithi huishia kwa maneno yaleyale kila mara: "Waprotestanti walikata migomba yetu."

Maneno hayo hayakubaki hadithi. Mama yangu alipotaka kuolewa na baba yangu mwaka 1998, kaka yake Jjajja, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alikataa kuja harusini kwa sababu baba yangu ni Mwanglikana. Alisema hawezi kuingia katika nyumba ya sala ya watu waliokata migomba ya baba yake. Mpaka alipofariki mwaka 2019 hakuwahi kula chakula kwetu. Mimi nilikua nikimwamkia kwa kupiga magoti, naye akiitikia akitazama pembeni.

Siku ile Jjajja alisema hivi, nami natafsiri kutoka Luganda: "Mjukuu wangu, waliokuja usiku walikuwa watano. Niliwaona kupitia ufa wa mlango, kulikuwa na mbalamwezi. Mmoja alikuwa baba wa ubatizo wa kaka yangu. Jumapili iliyofuata alikaa kiti kilekile kanisani, nyuma yetu, akapokea komunyo."

Mama aliacha kumenya. Akauliza kwa sauti ndogo kwa nini hakusema siku zote hizo. Jjajja akajibu kwamba mtu huyo ndiye aliyemlipia kaka yake karo baadaye, pengine kwa kujuta, pengine kwa sababu nyingine. Baba yake alijua, akawakataza kusema. Kumwambia kaka yake kungekuwa kumnyang'anya baba wa pili. Ilikuwa rahisi zaidi kusema "Waprotestanti". Hao hawakuwa na jina wala uso, wala hawakukaa kiti cha nyuma.

Sikupata la kusema. Mama alisema neno moja tu, kwamba katika picha ya harusi yake upande wa kwao kuna nafasi tupu ambapo mjomba wake alipaswa kusimama. Kisha akaendelea na matoke.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na sitaki kumhukumu Jjajja. Kama mwanafunzi wa historia najua kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyechungulia katika ufa wa mlango akiwa mtoto haufuti vitabu. Lakini unaafikiana na zile hesabu za Lukiiko: ugomvi wa 1961 ulipita katikati ya kanisa lenyewe, ukagawanya watu waliokuwa wakisali pamoja. Kusema kwamba siasa zetu ziliharibiwa na dini ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba dini ilitumika kama blanketi. Mtu aliyemwogopa jirani yake, au aliyemwonea aibu, alilivuta akajifunika.

Nchi yenyewe imebadilika kidogo. Tangu 1963 Wakatoliki, Waanglikana na Waorthodoksi wanakutana katika Baraza la Pamoja la Wakristo Uganda, na baraza hilo limekuwa likituma waangalizi wa uchaguzi. Katika mstari wangu wa kura sikumsikia mtu akiuliza mgombea anasali wapi. Tuliulizana kuhusu kazi, na kuhusu bei ya sukari. Hata hivyo wagombea bado huja makanisani na bahasha kila msimu wa kampeni, nasi bado tunawapigia makofi mbele ya altare. Blanketi halijatupwa.

Matokeo yalitangazwa Jumamosi tarehe 16. Jumapili asubuhi, intaneti ikiwa bado imezimwa, Jjajja alivaa gomesi yake akasema anaenda kusoma. Baba yangu alimshika mkono, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi, akamfikisha mpaka mlangoni pa kanisa la Wakatoliki. Kwa kawaida angemwacha hapo aende kwenye kanisa lake, umbali wa robo saa kwa miguu. Siku ile Jjajja hakumwachia mkono. Wakaingia pamoja, wakakaa kiti cha nyuma, mimi na mama tukawafuata.

Nawaomba wenzangu tunaosoma historia tusiridhike na mizaha ya vyama wala na sentensi moja ya mwisho ambayo kila ukoo unayo. Tuwaulize wazee wetu mapema, tukiwa tunamenya nao chakula. Kaka yake Jjajja hatunaye tena, na sijui kama angetaka kuisikia habari hii. Ninachojua ni kwamba miaka ishirini na moja hakula chakula cha mama yangu kwa ajili ya migomba iliyokatwa na mtu aliyempenda.