Kabati ya zamani: kuitengeneza ao kununua mpya?

Baraka na Fizi, fundi akiletewa kabati ya mvule iliyochakaa, kwanza anachomeka ncha ya kisu kwenye miguu. Kikizama, mbao imeoza ao imeliwa na mchwa: kipande hicho kinakatwa, kinaungwa kingine. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda likaingia nyumba za kandokando. Kabati iliyolowa ikaushwe polepole kivulini, juu jua kali linapasua mbao. Ya tripleksi ikishavimba, kuitengeneza ni kupoteza pesa.

Mpya nayo iko na shida yake. Mara mingi mbao zinapigwa randa zingali mbichi. Kisha miezi michache milango haifungi tena. Mvule iliyokauka miaka 20 nyumbani haijipindi hivyo.