Watani wa jadi si mahasimu: Funzo kutoka viwanja vya vyuo vikuu vya Marekani

Kila Gor Mahia na AFC Leopards wanapokaribia kukutana, kurasa zetu za michezo hutumia maneno matatu kwa zamu: mahasimu, wapinzani na mashemeji. Msomaji wa kawaida huyachukua kama visawe. Mimi, kama mwalimu wa lugha, nasita. Hasimu ni neno tulilolipata katika Kiarabu, na ni mtu mnayegombana naye. Mpinzani ni anayekupinga. Leo yupo, kesho hayupo. Shemeji naye ni mtu wa nyumbani. Ukivuka mpaka ukaingia Tanzania utalikuta neno la nne. Yanga, iliyoanzishwa mwaka wa 1935, na Simba, iliyofuata mwaka mmoja baadaye, huitwa watani wa jadi.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba neno mtani limebeba elimu ambayo hasimu halina, na kwamba tunalipuuza kwa hasara yetu. Ili kuipima elimu hiyo, sitabaki Kasarani wala Dar es Salaam. Nitaenda Marekani, kwenye futiboli ya vyuo vikuu, ambako ushindani wa mashabiki una historia ya zaidi ya miaka 150. Neno likiweza kueleza mambo ya mahali ambako halijawahi kusikika, basi ujue lina uzito.

Tuanze na utani wenyewe. Mwaka wa 1940, mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown alichapisha makala mashuhuri kuhusu uhusiano wa namna hii katika jarida la Africa. Alieleza kwamba ni uhusiano ambapo mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumfanyia mwenzake mzaha, naye mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Miaka minne baadaye R. E. Moreau, aliyekuwa akifanya kazi Tanganyika, aliandika katika jarida hilohilo kuhusu utani wa makabila ya huko. Tangu hapo wengi wameandika, na wazee wetu walikuwa wakijua kabla ya yeyote kuandika.

Kwa ufupi, utani una nguzo tatu. Kwanza, watani wana kitu wanachoshiriki: mpaka, ndoa, njia ya misafara ya biashara, au hata vita vya zamani vilivyokwisha. Pili, utani una kanuni; si kila neno ni mzaha na si kila kitu huchezewa. Tatu, mtani huonekana msibani. Yule aliyekucheka jana ndiye anayefika mapema, anashika kazi za mazishi, na hata kumuigiza marehemu ili wafiwa wapate kucheka kidogo.

Sasa twende Marekani na nguzo zetu tatu. Futiboli ya huko si kandanda yetu. Mpira wake una umbo kama la yai, hubebwa mikononi, na mchezo wenyewe ni jamaa wa raga. Hata hivyo, mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo, iliyochezwa tarehe 6 Novemba 1869 kule New Jersey, ilifanana zaidi na kandanda. Wachezaji 25 kila upande walipiga mpira kwa miguu bila kuubeba, na Rutgers wakawashinda majirani wao wa Princeton 6–4. Mwaka wa 1875 Harvard na Yale nao wakaanza mashindano yao, ambayo hadi leo wenyewe huyaita kwa majivuno "Mchezo", kana kwamba hakuna mwingine duniani.

Kwa nini ushindani huu ulishika mizizi vyuoni? Sababu moja ni ya kisiasa. Mwaka wa 1862 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Morrill, iliyoyapa majimbo ardhi ya kugharamia vyuo vya kilimo na ufundi. Majimbo mengi yakajikuta na vyuo viwili vikuu vya umma: kile cha kufundisha mawakili na madaktari, na kile cha kufundisha wakulima na mafundi. Alabama ni mfano mzuri. Chuo Kikuu cha Alabama ndicho kikongwe. Auburn kilipata hadhi ya chuo cha ardhi mwaka wa 1872. Mpaka leo mashabiki wa Alabama huwatania wenzao kwamba wanasoma chuo cha ng'ombe. Nao wa Auburn hawanyamazi.

Hebu tazama jambo hili kwa jicho la lugha. Neno la Kiingereza rival linatokana na Kilatini, na asili yake ni watu wanaochota maji katika kijito kimoja. Vyuo viwili vya jimbo moja ndivyo vilivyo: vinategemea bajeti moja, wanafunzi walewale, na mara nyingi familia moja huwa na mtoto huku na mtoto kule. Hiyo ndiyo nguzo ya kwanza. Watu wasioshiriki chochote hawataniani, wanapuuzana.

Ushindani wa Ohio State na Michigan unaionyesha nguzo hiyo vizuri zaidi, kwa kuwa ulitanguliwa na vita. Mwaka wa 1835 jimbo la Ohio na Michigan, ambayo haikuwa bado jimbo kamili, ziligombania ukanda wa ardhi wenye mji wa Toledo. Pande zote mbili zikakusanya wanamgambo. Hakuna aliyeuawa. Majeruhi anayekumbukwa ni naibu wa afisa wa usalama wa Michigan aliyechomwa kwa kisu kidogo, naye akapona. Mwishowe Ohio ikapewa Toledo, Michigan ikafidiwa eneo kubwa la kaskazini na kukubaliwa kuwa jimbo mnamo Januari 1837. Timu za vyuo hivyo zilipokutana mara ya kwanza mwaka wa 1897, Michigan ikashinda 34–0. Vita vilivyokwisha vikapata uwanja wa kuchezewa. Mzee yeyote wa Tanganyika angeuelewa mkondo huo bila kuelezwa.

Nilifundisha Kiswahili Ohio kwa muda, na hapo ndipo nilipoiona nguzo ya pili kwa macho yangu. Katika juma la mechi na Michigan, herufi M huwa haramu mjini Columbus. Mabango ya chuo hubandikwa utepe mwekundu kila penye M. Sasa fikiria mwalimu wa Kiswahili anayefika darasani juma hilo kufundisha ngeli ya A-WA! Wanafunzi wangu walikuwa wameziba M zote kwenye karatasi zao. Mtu akawa "tu", mtoto akawa "toto", na mmoja akaniambia kwa heshima kubwa kwamba "walimu" atasema, lakini "mwalimu" tusubiri hadi Jumatatu. Nilicheka nikakubali. Juma lililofuata M ilirejea mahali pake. Ndiyo kanuni ya utani hiyo: una msimu wake, una mahali pake, na ukiisha umeisha.

Kanuni hizi zimezaa pia vifaa. Mwaka wa 1903 Michigan walitoka sare ya 6–6 na Minnesota, wakaondoka na kuusahau mtungi wao wa maji. Waliouokota walikataa kuurudisha hivihivi. Wakasema mtakaoutaka, njooni muushindanie. Tangu mwaka wa 1909 mtungi huo ndio kombe lao. Wisconsin na Minnesota nao hushindania shoka, desturi iliyoanza mwaka wa 1948. Mtungi na shoka ni vyombo vya nyumbani, na nadhani hilo si sadfa.

Mzaha ulioniburudisha kuliko yote ni wa mwaka wa 2004. Wanafunzi wa Yale walijifanya kikundi cha uhamasishaji cha Harvard, wakaingia upande wa mashabiki wa Harvard na kugawa kadi. Wakawaambia wazinyanyue pamoja ili zionyeshe ujumbe wa kuitia timu yao moyo. Wenyewe wakanyanyua kwa bidii, na uwanja mzima ukasoma maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyatafsiri hivi: Sisi hatufai. Siku hiyo Harvard walishinda 35–3. Lakini ni matokeo gani yanayosimuliwa hadi leo? Hakuna aliyeumia wala aliyepoteza shilingi, na anayechekwa mwenyewe ndiye aliyeinyanyua kadi. Vijana wetu wa mchongoano wangewapa Yale alama zote.

Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Alabama na Auburn walianza kucheza mwaka wa 1893. Baada ya sare ya mwaka wa 1907 wakazozana kuhusu fedha za kuwatunza wachezaji na kuhusu waamuzi watoke wapi. Kwa mambo hayo madogo hawakucheza tena kwa miaka 41. Wabunge wa jimbo walilazimika kuingilia kati. Mechi iliporudi mwaka wa 1948, viongozi wa wanafunzi wa pande mbili walizika shoka ardhini kama ishara ya amani.

Shoka hilo liliwatosha wengi, si wote. Mnamo Novemba 2010 Auburn walikuwa nyuma 24–0, wakapindua mambo na kushinda 28–27. Shabiki mmoja wa Alabama akaenda usiku kumwagia sumu mialoni mikongwe ambapo watu wa Auburn husherehekea ushindi wao, kisha akajigamba redioni. Alifungwa, na mwaka wa 2013 miti ile ikakatwa. Juzijuzi, tarehe 30 Novemba 2024, Michigan waliwashinda Ohio State 13–10 mjini Columbus na kuisimika bendera yao katikati ya uwanja wa mwenyeji. Ngumi zikarushwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000.

Je, hayo si ushahidi kwamba utani ni jina zuri tu tunaloupaka uhasama? Ni swali la haki na sitalikwepa. Jibu langu ni kwamba tazama wenyewe walivyolichukulia tendo. Baada ya miti kutiwa sumu, mashabiki wa Alabama ndio waliochanga fedha za kusaidia kuiokoa. Walijua kwamba mtu wao amevunja kanuni, na kwamba aibu ile ni yao pia. Mahasimu hawachangiani. Kanuni huonekana wazi zaidi siku inapovunjwa.

Nguzo ya tatu, ile ya msiba, inanirudisha Ohio. Kocha Woody Hayes aliifundisha Ohio State kuanzia mwaka wa 1951. Hakupenda hata kulitaja jina la Michigan. Alisema "lile jimbo la kaskazini". Mwaka wa 1969 Michigan wakamwajiri Bo Schembechler, mzaliwa wa Ohio aliyekuwa mchezaji wa Hayes na baadaye msaidizi wake. Mwaka huohuo mwanafunzi akamshinda mwalimu 24–12, wakati Ohio State walikuwa wameshinda mechi 22 mfululizo. Kwa miaka kumi walimenyana: Michigan ushindi mara tano, Ohio State mara nne, sare moja. Kisha Hayes akavunja kanuni. Mwishoni mwa mwaka wa 1978 alimpiga mchezaji wa timu nyingine, Clemson, mbele ya kamera za televisheni, na kesho yake akafutwa kazi.

Lakini kati ya Hayes na Schembechler heshima haikukatika. Mnamo Machi 1987 Hayes, akiwa mgonjwa, alikwenda Dayton kumtambulisha Schembechler mbele ya hadhira. Siku iliyofuata alifariki. Schembechler naye alifariki tarehe 17 Novemba 2006, siku moja tu kabla ya timu hizo mbili, moja ikiwa ya kwanza nchini na nyingine ya pili, kukutana Columbus. Katika uwanja huo wa Ohio State, wenye kuchukua zaidi ya watu 100,000, mashabiki wa mwenyeji walinyamaza kumkumbuka kocha wa lile jimbo la kaskazini. Ndipo mchezo ukaanza, nao wakashinda 42–39. Hao walikuwa watani, hata kama Kiingereza hakina neno moja la kuwaita.

Sisi tunalo, tena tuna mawili. Mashabiki wa Ingwe na K'Ogalo walijiita mashemeji kwa sababu Waluhya na Waluo wameoana kwa vizazi; jina hilo linawakumbusha kwamba jiwe linalorushwa jukwaani huenda likampata mjomba wa mtoto wako. Tumeshuhudia mechi zikisimama kwa sababu ya mawe, na timu zenye mizizi ya kikabila zikigeuzwa silaha za siasa. Katika nchi kama hii, mwandishi anayeandika "mahasimu wa jadi" kila Jumapili anamfundisha kijana wa miaka kumi na mitano kwamba yule wa jezi nyingine ni mtu wa kugombana naye.

Kwa hiyo nina ombi kwa waandishi na watangazaji wa michezo. Hasimu tumuachie mahakama na wanahistoria wa vita. Timu zikiwa ngeni kwa kila mmoja, wapinzani latosha. Lakini zikiwa zimechota maji katika kijito kimoja kwa miaka mingi, tuandike watani wa jadi, au mashemeji, na tuwaeleze vijana maana yake yote matatu: kushiriki, kanuni, na kufika msibani.