Hifadhi ya pamoja ya mafaili na nakala rudufu katika ofisi ndogo

Hifadhi ya pamoja ya mafaili ni mpangilio unaoziwezesha kompyuta kadhaa za ofisi moja kusoma na kuandika kwenye diski moja kupitia mtandao wa ndani. Nakala rudufu, au bakapu, ni nakala ya mafaili hayohayo inayowekwa kando ili yarejeshwe yakipotea au yakiharibika. Vyote viwili hununuliwa pamoja, mara nyingi ndani ya kifaa kimoja, na kwa hiyo huchanganywa. Kosa hilo limezigharimu ofisi nyingi kumbukumbu zao zote.

Ofisi isiyo na hifadhi ya pamoja hujulikana haraka. Flashi huzunguka kutoka kwa karani kwenda kwa mhasibu na kurudi na virusi. Bajeti moja huwa na majina matatu, "bajeti mpya", "bajeti mpya 2" na "bajeti mpya ya mwisho", na hakuna anayejua ni ipi iliyopelekwa benki.

Historia

Msingi wa mpangilio huu ni itifaki ya SMB, iliyobuniwa IBM na Barry Feigenbaum mwaka 1983 na baadaye kuendelezwa na Microsoft. Kampuni ya Novell ya Marekani nayo iliuza NetWare, programu ya seva za mafaili iliyotumika sana maofisini hadi miaka ya 1990.

Nafuu kubwa kwa ofisi zisizo na fedha ilitoka Canberra. Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, alichunguza data iliyopita kwenye waya baina ya kompyuta, akang'amua utaratibu wake, kisha akaandika programu ya seva aliyoitoa bure Januari 1992. Programu hiyo, ambayo sasa huitwa Samba, huifanya kompyuta ya Unix au Linux ionekane kwa Windows kama seva ya kawaida. Mwaka 1996, yeye na Paul Mackerras walitoa rsync, ambayo husafirisha zile sehemu za faili zilizobadilika tu. Ni vigumu kumtaja mtu mwingine aliyezinufaisha ofisi ndogo kwa kiasi hicho: hata visanduku vya Synology na QNAP vya Taiwan vinavyouzwa madukani vina Samba ndani yake.

Vifaa

Ofisi ya watu watano hadi kumi na watano hutosheka na kisanduku cha NAS (hifadhi inayounganishwa moja kwa moja kwenye mtandao) chenye diski mbili au nne, swichi na UPS (betri ya akiba). Kompyuta kuukuu iliyowekewa Linux hufaa pia. NAS huunganishwa kwa waya na hupewa anwani ya IP isiyobadilika. Pale umeme unapokatika mara kwa mara, UPS ni ya lazima. UPS nyingi huunganishwa na NAS kwa waya wa USB ili NAS ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha.

Diski mbili kwa kawaida hupangwa kwa RAID 1: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa pia kwenye nyingine. Diski mbili za TB 4 hutoa nafasi ya TB 4, na moja ikifa kazi haisimami. RAID ilielezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley, na kinga yake ni dhidi ya kufa kwa diski pekee. Karani akifuta folda ya mishahara saa nne asubuhi, imefutika kwenye diski zote mbili saa nne ileile. Mwizi akiingia, anabeba kisanduku kizima. Fundi anayemwambia mteja kwamba RAID ndiyo bakapu anampotosha vibaya.

Kila mtumiaji hupewa nenosiri lake.

Nakala rudufu

Kanuni inayofuatwa zaidi ni ile ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo hiyo humaanisha mafaili yenyewe kwenye NAS, diski ya nje ya USB, na nakala nyingine mbali, ama kwenye hifadhi ya wingu ama kwenye diski ya pili iliyofungwa kwa nenosiri ambayo mkurugenzi huenda nayo nyumbani kila Ijumaa.

Diski ya nje haifai kuachwa imechomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha huyafikia yote yanayofikiwa na kompyuta iliyoambukizwa, bakapu zikiwemo. Mojawapo ya virusi hivyo, WannaCry, iliyoenea kuanzia tarehe 12 Mei 2017, ilipita kwenye kasoro ya SMB toleo la 1, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho mwezi Machi. Toleo hilo linapaswa kuzimwa kwenye kila NAS.

Kwa hifadhi ya wingu, kikwazo ni mara ya kwanza. GB 500 kwenye laini inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku nne mfululizo. Mafundi wazoefu huanza na folda ya uhasibu na ya mikataba, kisha picha hufuata usiku.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni jaribio la kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya programu ya GitLab alifuta kimakosa data ya hifadhidata kuu, karibu GB 300. Bakapu za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata, na barua pepe za kutoa taarifa hiyo zilikuwa zikikataliwa. Kampuni iliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Ofisi yenye NAS moja inaweza kujikinga kwa urahisi: kila mwezi, chagua faili moja, lirejeshe kwenye kompyuta tofauti, lifungue, lisome.

Afrika

Virusi vya NotPetya vilipoishambulia kampuni ya meli ya Maersk Juni 2017, seva zake zinazotunza orodha ya watumiaji zilifutika duniani kote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika. Laini ya huko ilikuwa nyembamba mno kutuma data, hivyo diski ilipelekwa kwa mkono hadi Nigeria, na kutoka hapo mfanyakazi mwingine akaifikisha Uingereza.

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ofisi zilizotegemea wingu peke yake zilikwama. Zenye NAS ziliendelea kufungua mafaili yao.

Sheria

Mafaili ya ofisi yenye taarifa za watu, pamoja na nakala zake, yanaguswa pia na sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.