Wanawake wa Ngoma katika Kudai Uhuru wa Tanganyika

Historia ya kudai uhuru wa Tanganyika imezoeleka kusimuliwa kama kazi ya wanaume wachache waliosoma katika shule za serikali na za misheni, ingawa chama cha TANU, kilichoasisiwa tarehe 7 Julai 1954, kisingeenea kwa kasi ile bila wanawake wa Dar es Salaam ambao wengi wao hawakuwa na elimu hiyo. Serikali ya kikoloni iliwapiga marufuku watumishi wake kujiunga na siasa, hivyo aliyeishi kwa mshahara wa serikali alihatarisha kazi yake, ilhali mama aliyeuza vitumbua au kupika pombe hakuwa na mwajiri wa kumfukuza.

Mwaka 1955 John Hatch, wa chama cha Labour cha Uingereza, alizuru Dar es Salaam na kuuliza habari za tawi la wanawake. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa mwaka 1926, aliyekwisha kujulikana mjini kama mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha ngoma cha wanawake. Vikundi vya namna hiyo havikuwa vya burudani tu, kwani vilikuwa na uongozi wake na desturi ya kuchangiana katika harusi na misiba, na viliwakusanya wanawake wa makabila mbalimbali waliozungumza Kiswahili. Bibi Titi na wenzake, akiwemo Tatu binti Mzee, waliwaendea viongozi wa ngoma, na kiongozi aliyeridhia aliweza kuja na kundi zima. Kufikia Oktoba mwaka huohuo, wanawake waliojiandikisha walitajwa kuwa 5,000. Umoja ambao wanasiasa waliuhubiri jukwaani ulikuwa tayari unaishi katika ngoma hizo.

Mwaka 1962 Bibi Titi aliongoza Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, lakini mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, yaani kula njama ya kuipindua serikali, na akahukumiwa kifungo cha maisha kabla ya kuachiwa mwaka 1972. Hukumu hiyo yaweza kueleza kwa nini jina lake lilinyamaziwa kwa miaka mingi. Haielezi hata kidogo kwa nini maelfu ya wenzake, wasioshtakiwa kwa lolote, nao waliachwa nje ya vitabu. Mwanahistoria Susan Geiger alianza kuwahoji wanawake hao katika miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1997 kimehifadhi simulizi za Bibi Titi pamoja na za wanawake wa Moshi na Mwanza.