Sauti Isiyo na Sura: Ngoma za Burundi na Picha za Wimbo

Wanaoandika historia ya muziki wa Afrika Mashariki aghalabu hulishughulikia sikio na kulisahau jicho. Hutueleza ala zilitoka wapi, na mahadhi yalibadilika vipi. Ni mara chache wanapouliza mwanamuziki alionekanaje mbele ya watu wake, na ni nani aliyekuwa na mamlaka juu ya sura iliyofuatana na sauti yake. Katika makala haya tunakusudia kuliuliza swali hilo kwa kuitazama Burundi, na hasa mji wa Bujumbura, kwa kuwa huko jibu limekuwa chungu kwa muda mrefu.

Yafaa tuanze na ngoma yenyewe. Katika Kirundi neno *ingoma* lina maana mbili, ngoma na ufalme, wala hapo zamani hazikutenganishwa: ngoma tukufu, Karyenda, ilikuwa ndiyo alama ya utawala wa mwami. Ngoma hizi huchongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma. Wapigaji huingia uwanjani wamezibeba vichwani huku wakizipiga. Huzipanga nusu duara, na katikati huwekwa *inkiranya*, iongozayo mapigo. Kisha hutoka mmoja mmoja mbele, akaruka, akatamba, akaigiza ushujaa, akarudi mahali pake na kumpisha mwenzake. Mwenye kuzisikia ngoma hizi bila kuziona amepata nusu ya habari, na pengine hata nusu haijafika, kwa maana simulizi lote limo katika miili ya wapigaji.

Ufalme ulifutwa mwezi wa Novemba 1966. Mwaka uliofuata, Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walizirekodi ngoma hizo, na sauti ikatolewa katika santuri na kampuni ya Ocora. Ngoma zilizokuwa za mwami zilikuwa zimekwisha kumpoteza mwami wao. Sasa zikasafiri ng'ambo bila wapigaji wake. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja huko Ufaransa, aliyejiita Mike Steiphenson, alizichukua sauti hizo, akaziongezea piano na gitaa, akaiita kazi yake "Burundi Black". Santuri hiyo iliuzwa vizuri hata Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji mashuhuri aliyezaliwa Kanada, aliutia mdundo uleule katika wimbo wake "The Jungle Line".

Lililofuata ndilo linalotuhusu zaidi. Mwaka 1980, huko London, kijana aitwaye Adam Ant na bendi yake walitoa albamu iliyojengwa juu ya mdundo wa namna hiyo, na Malcolm McLaren, aliyemwelekeza huko, akaunda bendi nyingine, Bow Wow Wow, kwa mtindo ule ule. Hii ilikuwa ndiyo miaka ambayo filamu fupi za nyimbo zilianza kutawala televisheni. Stesheni ya MTV ilifunguliwa Marekani mwaka 1981. Adam Ant aliifahamu mapema kuliko wengi nguvu ya picha. Alivaa koti la askari wa farasi wa zamani, akajipaka mstari mweupe juu ya pua, akawa mara haramia, mara mwana wa mfalme, na vijana wa Uingereza wakamfuata kwa maelfu, wakijipaka kama yeye. Hatumlaumu kwa kipaji chake cha kusimulia kwa picha. Lakini tazama, msomaji: mdundo ulikuwa na asili yake Burundi, nayo sura iliyoupamba ilitungwa London. Waliopiga zile ngoma mwaka 1967 hakuna shabiki aliyejua nyuso zao.

Sura yenyewe ilifika mwaka 1982, wapigaji wa Burundi walipopanda jukwaani katika tamasha la kwanza la WOMAD, Shepton Mallet, Uingereza. Siku hiyo hadhira iliyoujua mdundo kwa njia ya santuri iliona kwa macho kwamba gogo linabebwa kichwani, na kwamba mpigaji hupiga huku akiruka.

Na Bujumbura je? Redio ilianza huko mwaka 1960, mji ukiwa bado unaitwa Usumbura. Televisheni ya taifa ilikuja mwaka 1984. Kwa hiyo kizazi kizima cha wakazi wa Buyenzi na Bwiza, mitaa ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni tangu enzi za ukoloni, kiliwajua waimbaji wa redioni kwa sauti tu. Ndipo akatokea Khadja Nin. Alizaliwa Burundi mwaka 1959, akahamia Ubelgiji mwaka 1980, na katika miaka ya 1990 aliimba Kiswahili pamoja na Kirundi na Kifaransa mbele ya wasikilizaji wa Ulaya ambao wengi wao hawakujua neno moja la lugha yetu. Albamu yake *Sambolera* ilitoka mwaka 1996. Ndani yake umo "Sina Mali, Sina Deni", wimbo wa Stevie Wonder aliouvika maneno ya Kiswahili. (Walimu wenzetu watapenda jina hilo: vikanusho viwili vya "kuwa na" vimekaa bega kwa bega, na cha pili kinakigeuza cha kwanza kuwa fahari.) Mtazamaji wa Paris asiyejua Kiswahili aliweza kumwona mwimbaji mwenyewe kwenye televisheni, na uso wake ukamfasiria mengi. Mwaka 1998 picha za wimbo wake "Mama" ziliongozwa na Jeanne Moreau, mwigizaji mkubwa wa sinema ya Ufaransa. Safari hii mgeni alishika kamera, lakini sura iliyokuwa mbele ya kamera ni ya mwenye wimbo. Tofauti hiyo twaiona kuwa kubwa.

Jean-Pierre Nimbona, ajulikanaye kwa jina la Kidum, alizaliwa Bujumbura mwaka 1974, akakimbilia Kenya mwaka 1995 kwa sababu ya vita. Katika "Haturudi Nyuma" aliimba na Juliana Kanyomozi wa Uganda: Mrundi akaaye Nairobi na Mganda, na Kiswahili kikiwa ukumbi wao.

Ngoma za kifalme nazo ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mwaka 2017 amri ya rais iliwakataza wanawake kuzipiga, ikaagiza pia kwamba maonyesho yaombewe idhini. Suala la nani aonekane akipiga limerudi hivyo nyumbani, na safari hii waulizwao ni Warundi wenyewe.