Mahame

Sikuanza somo na latitudo. Niliwaambia wanafunzi wangu wa Kibaha watafute Maili Moja kwenye simu. Wakacheka: nani asiyeijua? Kisha Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki. Vyote vilikuwepo. Tulitumia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuongeza kitu.

Kisarawe somo likanigeukia. Binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, mahali pasipo na nyumba tunapaandikaje?" Akatupeleka kwenye miembe mitatu porini. Bibi yake alizaliwa pale, kabla kaya hazijahamishwa katika Operesheni Vijiji, miaka ya 1970. Hayo ni mahame, na mwembe ndio hati yake. Picha ya setilaiti ilionyesha pori tu.

Ardhi inayoonekana tupu ina hatari yake. Mwaka 2009 kampuni ya kigeni ilipewa zaidi ya hekta 8,000 wilayani humo ilime mibono ya mafuta. Mwaka 2011 ikafilisika; ardhi haikurudi vijijini.

Nimezoea kuwalaumu wakoloni kwamba walichora walichokihitaji: boma, reli, hifadhi. Nasi tukifuata mabati tu, tutakuwa tumefanya nini tofauti?

Tulimpigia bibi simu. Akataja jina la mahali pale, akalirudia polepole, mjukuu akiandika. Kisha akauliza, "Na makaburi, mmeyaweka?"

Hatukuwa tumeyaona. Tukarudi porini.