Malaika: Wimbo Mmoja, Wenyewe Wengi

Ni nadra kukuta, kutoka Bukene hadi Bagamoyo, mtu mzima asiyeujua wimbo wa "Malaika". Ni nadra zaidi kukuta anayejua kwa hakika ni wa nani. Swali hilo si la wanamuziki pekee. Ni swali la mali ya wanyonge.

Mkenya Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na jina lake likajulikana pamoja nao. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauvusha bahari: mwaka 1965 ulitoka Marekani katika albamu yake na Harry Belafonte, iliyotunukiwa Grammy mwaka 1966. Mwaka 1981 ukaimbwa na Boney M., kundi la mtayarishaji Mjerumani Frank Farian. Lakini Mtanzania Adam Salim alidai kuwa aliutunga yeye, mwaka 1945. Mombasa nako akatajwa Lucas Tututu.

Utata huu ulizaliwa wapi? Sisi wa nchi ya Unyamwezi tunaweza kulijibu. Wapagazi wetu waliobeba pembe kwenda pwani walitembea wakiimba. Mmoja alianzisha, wengine wakapokea, msafara uliofuata ukaongeza ubeti. Wimbo ulikuwa kisima cha njiani: kila mpita njia alikunywa, hakuna aliyeulizwa hati. Santuri ilikuja na sharti jingine. Ilidai jina, na fedha ikafuata jina. Tangu hapo, aliyeutunga wimbo bila kuufikisha studio akawa hana ushahidi ila kumbukumbu yake na ya jirani zake.

Hapo ndipo penye kejeli ya historia. "Malaika" ni kilio cha kijana anayependa lakini ufukara unamzuia kuoa. Mababu zetu waliijua hali hiyo. Wengi walikwenda kubeba mizigo, na baadaye kukata mkonge, ili wapate mahari. Wimbo wa kukosa fedha ukawaingizia wengine fedha.

Leo tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tunayo COSOTA. Hata hivyo, sheria haimlindi kwa urahisi asiyeweza kuthibitisha kazi yake. Kijana wa Bukene anayetunga leo na aandike, aweke tarehe, asajili. Kuimba pamoja ni urithi wetu. Kunyang'anywa si sehemu ya urithi huo.